Foto ya Wabelgiji Niliyoichora Mimi

Vijana wa senta yetu, mmezoea kuniona nikisimama katikati ya njia na fimbo yangu, nikitazama mapaa ya nyumba. Mnacheka, mnasema Papa Anselimi anahesabu mabati ya watu. Sihesabu mabati ya mtu. Natazama mistari yake inaelekea wapi, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilikuwa mchoraji wa viwanja na majengo, dessinateur kama tulivyoitwa biro, yaani ofisini, hapa Masisi na kule Walikale. Leo nataka kuwaeleza kazi hiyo, na nasema mapema kwamba nina hasira. Nina hasira na Bwana Prosper wa komite, nina hasira na ninyi mliompigia makofi, na kuna mtu wa tatu ambaye nitamtaja nikimfikia.

Tuanze na neno, maana balaa lote lilitoka kwenye neno. Kwetu kila kitu bapa chenye sura kinaitwa foto. Iliyopigwa na simu ni foto, iliyochorwa kwa kalamu ni foto, hata mtakatifu aliyepakwa rangi ukutani kanisani ni foto. Katika maongezi hakuna ubaya. Lakini simu inashika hata usichokitaka: kidole chako mwenyewe, mbwa aliyekatiza, nguo zilizoanikwa. Mchoro haushiki kitu chochote chenyewe. Kila kilichomo kiliwekwa na mkono wa mtu, na kisichokuwamo, mkono huohuo ulikiacha nje. Mtu asiyejua tofauti hiyo hafai kupewa hata rula, seuze kupewa amri juu ya nyumba ya mwenzake.

Kazi nilifundishwa na Papa Bonane, mtu wa Walikale, mwana wa mwindaji, aliyekuwa mwalimu wa kuchora katika shule ya misioni. Kwenye korido ya shule zilitundikwa picha tano za miji ya Ulaya, zilizochapwa kwa wino mweusi enzi ambazo hata yeye hakuzijua, karatasi zimeliwa na unyevu pembeni. Minara, madaraja, nyumba za ghorofa nne, viwanja vya mawe vipana kuliko malisho ya baba yangu kule Nyamitaba. Siku ya kwanza alitusimamisha mbele ya mmoja wa miji hiyo akauliza:

— Mwenye kuchora alisimama wapi?

Tukanyoosha vidole kwenye mnara, kwenye daraja, kwenye lango.

— Hapana. Pale njo aliangalia. Miye nauliza miguu yake iko wapi. Baba yangu akienda mu pori, mbele ya kutafuta nyama anatafuta kwanza fasi ya kusimama. Na huyu muzungu alifanya vilevile.

Halafu akatoa uzi wa kushonea. Mnaweza kujaribu hata leo. Chukua picha ya zamani ya mji, laza uzi juu ya ukingo wa paa, uvute mpaka mbali. Laza mwingine kwenye mstari wa chini wa ukuta uleule. Nyuzi zitakutana mahali, na usawa wa mahali hapo ndio usawa wa macho ya mchoraji. Ukiona watu waliosimama uwanjani vichwa vyao viko kwenye usawa huo, basi naye alisimama chini kama wao. Vichwa vikiwa chini kabisa ya usawa huo, alikuwa juu ya kitu: dirishani, mnarani, kilimani. Au hakuwa popote. Maana kati ya ile miji mitano kulikuwa na mmoja uliokaa tambarare kama meza, hauna hata kichuguu, na bado mchoraji alikuwa akiutazama kutoka angani kama kipanga.

Tulipouzoea uzi tulianza kuwakamata mmoja mmoja. Huyu, nyumba za kulia zinakutana hapa na za kushoto zinakutana vidole vitatu pembeni: amesimama mahali pawili, akashona. Yule amepanua barabara mara mbili ili sura ya nyumba ya tajiri ionekane yote. Mwingine amewafanya watu wadogo kama siafu ili kanisa liwe mlima. Karibu wote walitia giza kwenye kona ya mbele, ukuta uliobomoka au ombaomba na mbwa wake, ili jicho lisukumwe kwenda kwenye mwanga kule nyuma. Siku moja padri mgeni, mzaliwa wa mmoja wa miji hiyo, alipita koridoni, akasimama, akacheka mpaka akajishika tumbo. Mto wa kwao ulikuwa umehamia upande mwingine wa kanisa. Papa Bonane akatueleza kwamba mchongaji alichonga kwenye shaba vilevile alivyoona, na karatasi ilipobanwa juu yake ikatoka imegeuka. Mji mzima uligeuzwa kushoto kulia, na watu wakanunua.

Papa Bonane hakuwachukia kwa hayo. Alisema walikuwa wakiuza uzuri wa mji, hawakuwa wakigawa viwanja. Shikeni sentensi hiyo, maana Bwana Prosper hakuwahi kuisikia.

Msidhani mimi nilielewa haraka. Likizo ya kwanza nilirudi Nyamitaba na kalamu yangu, nikachora kilima chetu na ng'ombe wa baba. Wa karibu nikamchora mkubwa, wa ng'ambo ya bonde nikawachora wadogo, sawasawa na kanuni. Nilimpelekea baba nikitegemea sifa. Aliitazama karatasi kama mtu aliyeonyeshwa msiba.

— Ile ngombe ya juu kule, njo Mayogi yangu?

— Ndiyo, baba.

— Juu ya sababu gani iko kama mbuzi? Nani alikuambia ngombe yangu iko inakonda?

Nikamweleza habari ya umbali. Akasema Mayogi hapungui kwa sababu wewe uko mbali naye, ungekuwa na akili ungemsogelea. Nilikasirika nikamwona mshamba. Sasa nimezeeka na naona baba alikuwa na haki yake. Alitaka hesabu ya ng'ombe wake, nikampa macho yangu.

Kosa hilohilo nililirudia kazini, na safari hii halikuchekesha sana. Nilitumwa Omate, kwenye machimbo, nichore shimo ambalo wachimbaji wawili walikuwa wakigombania mwelekeo wake. Badala ya kuchora ramani kavu, urefu na pembe, nikaona nijionyeshe. Nikachora handaki kama linavyoonekana ukiwa mdomoni mwake: mihimili ya miti inapungua, inapungua, mpaka inakuwa nukta. Mkubwa wa shimo, PDG kama wanavyomwita kule, akaikamata karatasi mbele ya watu wake wote.

— Unafunga shimo yangu? Hapa mbele unaonyesha njia inaisha! Bantu yangu bakiona hii, kesho batakimbia bote!

Nilitaka kumcheka. Halafu nikaona wachimbaji nyuma yake wanaitazama ile nukta na nyuso zimebadilika, mmoja ameshaanza kukunja gunia lake. Nikachana karatasi, nikachora upya kwa kamba na dira, upana uleule mwanzo mpaka mwisho. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaambia wanaoanza kazi: mistari inakutana machoni, ardhini haikutani. Ukimpa mtu mchoro, mwambie kwanza ni wa macho au ni wa ardhi. Usipomwambia, ataamua mwenyewe, na ataamua vibaya.

Mimi ninayesema hayo kwa wengine, ndiye niliyechora kalenda.

Nilikuwa kijana, nimeajiriwa karibuni. Parokia yetu ilitaka kalenda ya sikukuu yake, yenye mchoro wa senta: kanisa, shule, dispensari na barabara. Papa Bonane alikabidhiwa kazi akaniita. Akaamua tuichore kwa mtindo wa zile picha za koridoni, kwa kalamu ya chuma, vivuli vya mistari myembamba, mawingu yaliyoviringika.

— Bantu ya huku nabo baone senta yao sawa mji, alisema, na nilimwona ana furaha kama bwana harusi.

Mahali pazuri pa kusimama palikuwa nyuma ya nyumba ya Mama Elena, muuza maziwa. Kutoka pale kanisa lingekuonyesha uso na ubavu pamoja. Taabu ni kwamba nyumba ya Mama Elena yenyewe ilikaa katikati yetu na kanisa, nyumba ya udongo yenye bati jekundu la kutu. Siku nne tulikaa kwenye kivuli cha jiko lake. Alitupa mashanza, yale maziwa ya kuganda, kwenye vikombe vya bati, hakutaka chochote, na bintiye Furaha, aliyekuwa rika langu, alipita akituuliza kama wino wetu haujaisha. Siku ya nne Papa Bonane alisogeza karatasi mbali, akafumba jicho moja.

— Mbele iko na muzigo. Macho inagonga kwa hii nyumba, haifike kwa kanisa. Itoe.

— Nitoe nyumba ya Mama Elena?

— Ile ya mu karatasi, Anselimi. Ya udongo itabaki.

Nikaitoa. Nikiwa bado na ladha ya maziwa yake mdomoni, nikaifuta. Mahali pake nikaweka uwanja mweupe mpana, kivuli kwenye kona, ng'ombe wawili wa kujaza, na watu wadogo wadogo ili kanisa liwe kubwa. Dispensari ilikuwa imejificha nusu nyuma ya miti, kwa hiyo tukaenda kuichora tukiwa tumesimama upande mwingine, tukaja kuiunga. Ikapendeza mno. Kalenda ilipochapwa, Mama Elena mwenyewe aliitundika ukutani kwake. Kama aliuliza nyumba yake imekwenda wapi, mimi sikusikia, nilikuwa nimelewa sifa.

Miaka ikapita na mambo yake. Tulikimbia vita, tukarudi, tukakimbia tena. Papa Bonane alikufa. Mama Elena alikufa, nyumba ikabaki kwa bintiye Furaha, tunayemwita sasa Mama Furaha, ambaye naye alikuwa ameshakuwa nyanya. Kalenda zilioza. Halafu mmoja wenu akaikuta nakala moja chini ya sanduku, imekatwa sehemu ya tarehe, imebaki picha tupu. Akaipiga kwa simu, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la senta na maneno haya: "Senta yetu wakati ya Babeleji. Tulikuwa na Place!" Yaani uwanja wa mji, kama wa Ulaya.

Nikaona mioyo na makofi yakijaa. Hongereni sana! Nani aliwaambia ni ya wakati wa Wabelgiji? Mawingu yaliyoviringika? Bati la ile dispensari lilipigiliwa mimi nikiwa nimeshaota ndevu. Niliandika hivyo kwenye kundi, na mmoja wenu akanijibu kwa kijisura kinacholia kwa kucheka.

Bwana Prosper, rais wa komite ya kupendezesha senta, aliikuza picha, akaitia kwenye fremu, akaitundika kwenye biro ya komite. Haikupita wiki mbili, ukutani kwa Mama Furaha kukawa na msalaba wa rangi nyekundu. Maana yake mnaijua: toka, tunabomoa. Sababu waliyotoa ni kwamba nyumba imekaa juu ya uwanja wa watu wote. Mama Furaha alikuwa na karatasi ya chifu aliyoachiwa na mamaye, lakini ilipotea katika kukimbia, kama karatasi za nusu ya watu wa hapa.

Mkutano ulifanyika asubuhi kwenye chumba cha shule, na Prosper alikuwa ameileta ile picha akaitundika ukutani. Mlikuwapo, mmejaa mpaka madirishani. Mama Furaha alisimama na kitenge chake kipya, kile cha kanisani.

— Mama, uko na dokima gani, karatasi gani? aliuliza Prosper.

— Miye nilizaliwa mu ile nyumba. Mama yangu alifia mule.

— Hiyo iko maneno. Siye tuko na foto. Na foto inaonyesha pale hapakuwa nyumba. Foto haisemake bongo, haidanganyake muntu.

Mkapiga makofi. Nayasikia hata sasa.

Niliinuka. Nilikuwa nimekuja na uzi wangu na misumari midogo. Nikaomba picha ishushwe ukutani, nikanyoosha uzi kwenye paa la kanisa, nikanyoosha kwenye paa la dispensari, nikawaonyesha kwamba nyuzi hizo hazikutani hata karibu.

— Muntu moja hawezi kusimama fasi mbili, nikasema. Hii haikuwa foto. Iko muchoro, na miye njo niliichora, na Papa Bonane. Ile nyumba ilikuwa mbele yetu. Niliitoa juu ya sababu ilikuwa inafunika kanisa.

Mama Furaha aligeuka akanitazama, na sikuweza kumrudishia macho. Kisha Prosper akatabasamu, lile tabasamu la kumpa mzee kiti.

— Papa Anselimi, tunakuheshimia. Lakini hii iko kazi ya Babeleji. Beye habakosake mustari. Weye ulikuwa hata haujazaliwa.

Nikamwambia ng'ombe wa kushoto ana pembe moja kwa sababu tone la wino lilimeza ya pili. Akachungulia, akakubali pembe ni moja.

— Sasa hata miye naiona, akasema. Ni kusema miye njo nilichora?

Mkacheka. Mlicheka kweli, na baadhi yenu niliwafundisha kushika penseli. Hapo niliung'oa uzi wangu kwenye misumari kwa hasira. Kuitwa mwongo ningeweza kuvumilia. Kilichonichoma ni kwamba hamkuweza hata kuwaza kuwa mkono wa mtu wa Nyamitaba, uliofundishwa na mtu wa Walikale, ungeweza kuchora kitu kizuri hivyo. Kwenu kizuri lazima kiwe cha mzungu, na cha mzungu lazima kiwe kweli. Mnatembea na simu zenye macho matatu nyuma, na hamjui kutazama.

Na yule mtu wa tatu niliyesema nitamtaja ni mimi. Kulaumu komite ni rahisi. Lakini kama ningeandika chini ya ule mchoro, kwa herufi ndogo tu, "nyumba ya Mama Elena imetolewa na wachoraji", hakuna komite ambayo ingenishinda. Wino ulikuwapo. Nafasi ilikuwapo, uwanja mzima mweupe! Hiyo ndiyo kanuni ninayowaachia, na sikuipata shuleni: ukitoa kitu kwenye mchoro, andika umetoa nini na ni cha nani. Wenzetu wa Ulaya waliochonga ile miji mitano hawakuandika, na sijui ni nyumba za akina mama wangapi zilizofunikwa na vile viwanja vya mawe tulivyovishangaa.

Walibomoa siku ya Jumanne. Waliokuja na vyuma ni vijana wa hapahapa, sitawataja, wanajijua. Mama Furaha aliung'oa mlango yeye mwenyewe kabla hawajaanza, akautoa na sufuria zake, akakaa juu ya mlango huo kando ya njia mpaka wakamaliza. Baada ya hapo Place haikujengwa. Hapana kiti, hapana ua, hapana jiwe moja. Prosper anasema wanangoja msaada.

Mimi nilikaa siku kumi nikichora. Nilikwenda kusimama palepale nyuma ya jiko, ambalo lilikuwa bado limesimama upande mmoja, nikaichora senta upya kwa kichwa changu kama ilivyokuwa zile siku nne: nyumba ya udongo mbele, kubwa, imelifunika kanisa mpaka unaona msalaba tu juu ya bati jekundu. Nikaandika chini jina la Mama Elena na jina la Furaha. Nikapanda pikipiki mpaka Kashebere, ambako Mama Furaha amepata hifadhi kwa mdogo wake na anachoma ndizi kando ya barabara, anawauzia madereva wa malori.

Alifuta mikono kwenye kitenge akaipokea karatasi. Aliitazama muda mrefu. Aligusa mlango kwa kidole, akagusa bati. Nilianza kumwomba msamaha, maneno niliyoyapanga njia nzima, naye akatikisa kichwa kama anayefukuza nzi. Akaikunja karatasi taratibu, akaniwekea mkononi.

— Hii njo bongo sasa, Papa Anselimi, akasema. Nyumba haiko. Ile ya kalandriye njo inasema kweli. Enda uangalie.